Maji Yaliyopotea Kwenye Pikapu ya Mama Mutheu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomharibia mtu jina kwa sentensi moja. Ilikuwa siku ya soko pale Kwa Vonza, jua limeshapanda, mbuzi wanalia mnadani ng'ambo ya barabara, na mimi nimesimama mbele ya gereji yangu na grisi hadi kwenye viwiko. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Sasa wajukuu wananiita susu na magoti hayataki tena kulala chini ya gari, lakini asubuhi ile naiona vizuri kuliko ya jana.

Nikueleze kwanza nilikuwa nani. Naitwa Katunge, na wakati huo nilikuwa fundi wa magari mwanamke wa pekee kati ya Kwa Vonza na Kitui mjini. Kama kulikuwa na mwingine, mimi sikumjua. Kazi nilijifunza Kitui kwa Mzee Swaleh, ambaye babu zake walitoka pwani kwa biashara wakabaki. Nilikaa kwake miaka sita. Nilipofungua gereji yangu mwenyewe, watu walikuja kutazama kabla ya kuja na magari. Walisimama pale wakiniangalia nikiingia chini ya lori kama wanaotazama mbuzi akipanda ngazi. Hata mchungaji wetu, mtu mwema kabisa, aliniuliza kama sioni ni vizuri nifungue duka la kushona nguo.

Sikwambii haya ili unionee huruma. Nataka uelewe kwa nini neno "sijui" lilikuwa zito sana mdomoni mwangu. Fundi mwanaume akisema hajui, watu husema hiyo gari ni ngumu. Mimi ningesema sijui, wangesema, si tulisema?

Sasa, mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Mutheu, mjane aliyekuwa akinunua ndengu na mbaazi kwa wakulima na kuzipeleka Kitui. Biashara yake yote ilitegemea pikapu moja ya dizeli, gari kuukuu lakini lenye nguvu. Dereva wake aliitwa Kimeu, mtu wa Matinyani, wa miaka arobaini na kidogo, mkimya, mzee wa kanisa kwao. Aliendesha polepole hata vijana wa stendi wakambandika jina la Bwana Harusi. Gari lile alilipangusa kila jioni kama lake.

Siku moja Kimeu alikuja akaniambia maji yanapungua kwenye rejeta. Anajaza asubuhi, akifika Kitui anakuta yameshuka, na kwenye mlima mshale wa joto unapanda. Chini ya gari hakuna tone.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, angalau mwanzoni. Nikashika mipira yote ya maji moja baada ya nyingine, nikaibana, hakuna ufa. Nikaangalia pampu ya maji, kavu. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kinabana sawasawa. Nikachomoa kijiti cha oili kuona kama maji yanaingia ndani ya injini, maana yakiingia, oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Oili ilikuwa safi. Nikawasha injini nikasimama nyuma kwenye ekzosi kutafuta moshi mweupe. Hakuna.

Hapo ndipo Kimeu aliponiambia kitu. Alikuwa ameegemea mlango, akaongea bila haraka, kama kawaida yake.

"Fundi, mimi naona kama kuna weupe nyuma ya injini, huko chini kwa starta. Kama chumvi vile. Nikipangusa, kesho inarudi."

"Hiyo ni vumbi, Bwana Kimeu," nilimjibu. "Barabara yenu ya Matinyani ina vumbi jeupe."

Hata sikuinama kuangalia. Mwanangu, kuinama kwenyewe kungechukua dakika moja.

Nikaamua ni gasketi ya hedi. Ile ni kama karatasi ngumu inayokaa katikati ya bloku ya injini na kile kichwa chake cha juu, kuzuia maji yasiingie mahali pa moto. Dalili za gasketi kuungua sikuziona hata moja, lakini ni ugonjwa unaojulikana na kila mtu, na kuutibu ni kazi kubwa inayoonekana. Nilifungua kichwa cha injini siku mbili mbele ya watu wote. Wakaona spana, wakaona vyuma vimepangwa kwenye gunia, wakasema huyu mama anajua. Nikafunga, nikamkabidhi Mama Mutheu gari lake.

Wiki haikuisha, maji yakaanza tena kupungua.

Basi siku ile ya soko, Mama Mutheu akaja kwa miguu kutoka kwenye duka lake, leso imefungwa kiunoni, na Kimeu akiwa nyuma yake na pikapu inayotoa mvuke. Madereva wa stendi walikuwa wamekaa kwenye benchi la muuza chai karibu na hapo. Wakageuka wote.

"Fundi Katunge," akasema Mama Mutheu, "wewe uliniambia hii kitu imepona. Sasa ni nini?"

Nilihisi macho ya lile benchi mgongoni. Nikasema, na nikasema kwa sauti ili wasikie, "Mama, gari nilitengeneza. Shida yako ni dereva. Hajazi maji asubuhi, anakuja kunidanganya hapa kwamba yanapotea."

Kimeu hakumwangalia mwajiri wake. Aliniangalia mimi.

"Fundi, maji najaza kila asubuhi. Hata bibi yangu anajua, yeye ndiye huniletea mtungi."

"Basi yanaenda wapi?" nikamuuliza. "Yanapaa?"

Benchi lote likacheka. Mama Mutheu alikuwa amechoka na hasira zimempanda, ndengu zake zilikuwa zinangoja, na mtu anayelijua gari alikuwa ameshamwambia kosa ni la nani. Akanyoosha mkono. Kimeu akaweka ufunguo kwenye kiganja chake, akachukua koti lake kwenye kiti, akatembea hadi stendi. Nakumbuka alikunja lile koti vizuri kabla ya kupanda gari la kwenda Kitui.

Nilirudi kazini. Mikono ilifanya kazi, lakini mchana wote nilikuwa nikijitetea mwenyewe kichwani kama mtu aliye kortini. Labda kweli alikuwa hajazi. Watu ni watu.

Mama Mutheu akamchukua mpwa wake awe dereva, kijana mmoja mwangalifu aliyejua kwamba mwenzake alifukuzwa kwa ajili ya maji. Huyo alijaza rejeta asubuhi, akajaza mchana, akabeba mtungi nyuma. Baada ya wiki mbili Mama Mutheu alirudi gereji. Safari hii hakupandisha sauti. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akaniuliza, "Fundi, na huyu pia hajazi?"

Ningeweza kutunga jibu lingine, mwanangu, na nakiri kwamba lilikuwa linakuja mdomoni. Lakini nikaona koti la Kimeu likikunjwa. Nikamwambia, "Mama, mimi sijui gari hii ina nini. Nipe siku tatu niipeleke kwa mwalimu wangu."

Akanitazama. "Ungesema hivyo zamani," akasema, akanipa ufunguo.

Nikaendesha hadi Kitui na mitungi minne ya maji, nikisimama kila mara kuongeza. Mzee Swaleh alikuwa ametoka msikitini, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa gereji yake na kikombe cha kahawa. Alifurahi kuniona. Nikamweleza yote niliyoangalia, na ile gasketi niliyobadilisha. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na dereva asemaje?"

"Dereva ni mpya, Mzee. Hajui gari bado."

"Namuuliza yule wa kwanza. Aliyekuwa akilijua."

"Alifutwa."

"Kwa kosa gani?"

"Ilisemekana hajazi maji."

"Nani alisema?"

Nilijifanya naangalia mitungi ya maji. Akasubiri. Mzee Swaleh alikuwa na subira ya kusubiri jibu hata kahawa ipoe.

"Ni mimi niliyesema, Mzee."

Akaweka kikombe chini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Sikukufundisha hivyo, Katunge. Gari likikushinda si aibu. Mimi yamenishinda mangapi? Waniletea, twatazama pamoja, basi. Lakini wewe ulipokosa kuona linapovuja, ukaona afadhali livuje kwa dereva." Akachukua tena kikombe chake. "Haya, yeye alikwambia nini? Mtu anayelipangusa gari kila siku lazima alikwambia kitu."

"Alisema aliona weupe kama chumvi nyuma ya injini, kwenye starta."

Mzee akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

"Basi gari ameshalipima yeye. Sisi kazi yetu ni kufungua tu. Liache lipoe hadi kesho."

Asubuhi yake aliniacha nifanye mwenyewe, yeye akielekeza kwa kidole. Nikaosha injini yote, nikaikausha kwa kitambaa hadi kwenye mikunjo. Kisha akanipa poda, ile ya watoto wachanga, nikaipuliza pande zote za bloku hadi ikawa nyeupe kama mandazi kabla ya kuingia mafutani. Alikuwa na kifuniko cha rejeta alichokitoboa na kukitia vali ya baiskeli. Nikakifunga, nikapiga pampu kidogo kidogo ili maji yapate msukumo kama injini ikiwa moto, lakini chuma kikiwa baridi. Halafu tukakaa. Mzee alinikataza kushika kitu. "Kaa," akasema. "Macho pia ni spana."

Ilipita kama nusu saa. Nikachukua kioo cha pikipiki na tochi, nikaviingiza nyuma ya starta, chini ya bomba la ekzosi, mahali ambapo mkono wenyewe haufiki. Poda ilikuwa imelowa. Mstari mwembamba wa tope ulishuka kutoka kwenye ukingo wa kizibo.

Nikueleze kizibo ni nini, maana hata madereva wengi hawajui kipo. Ubavuni mwa bloku kuna matundu ya mviringo yaliyobaki tangu ilipomiminwa kiwandani, na yanafunikwa kwa vizibo vya bati vyenye umbo la kikombe, vilivyopigiliwa kwa nguvu. Nyuma ya vizibo hivyo maji yanazunguka siku zote. Na sisi Kitui tulikuwa tunajaza maji gani? Ya kisima, yenye chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Chumvi ilikula kile kizibo kutoka ndani, miaka kwa miaka, hadi kikabaki kama ganda la yai. Maji yalitoka kidogo kidogo injini ikiwa moto, na chuma chenye moto kikayakausha hapo hapo kabla ya kudondoka. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone. Kilichobaki ni ule weupe.

Maji yalikuwa yanapaa kweli. Nilikumbuka benchi lilivyocheka nikatamani kuingia chini ya gari nisitoke.

Kukitengeneza kulitaka utulivu kuliko nguvu. Nilimwaga maji yote, nikatoa starta ili nipate nafasi. Nikapiga ukingo wa kizibo kwa tindo, upande mmoja tu, kikageuka kama sarafu inayosimama, nikakivuta kwa koleo. Mzee alinionya mara tatu nisikisukume ndani, maana kikiingia kwenye bloku kukitoa ni kazi nyingine. Kilitoka kimetoboka, unaona mwanga upande wa pili. Nyuma yake palijaa tope la kutu, jekundu kama udongo wa kichuguu. Nikalisafisha kwa waya na kwa maji mengi hadi yakatoka meupe. Nikasugua ukingo wa tundu kwa msasa laini hadi chuma kikang'aa, maana kizibo kipya hakishiki kwenye kutu. Nikapaka gundi ya gasketi safu nyembamba, nikaweka kizibo cha shaba nyekundu, nikakipigilia kwa kichwa cha spana ya boksi kinachoingia ndani yake sawasawa, pole pole, kisije kikaingia upande. Vile vizibo vingine tulivigonga kwa kipande cha chuma. Viwili vikalia vibaya, vikatoka pia.

Tukajaza maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga kwenye pipa, yamechanganywa na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu. Poda tena, pampu tena, kukaa tena. Kavu. Tukaendesha hadi injini ikawa moto, tukaiacha ipoe, tukatazama mara ya tatu. Kavu.

Nilitaka kumshukuru. Akanizuia kwa mkono.

"Gari tumelimaliza," akasema. "Wewe hujamaliza. Matinyani si mbali."

Nilimkuta Kimeu kwao akichimba kokoto kwenye kijito kikavu pamoja na mkewe, wanaponda mawe ya kuuza kwa wajenzi. Mkewe aliponijua, aliacha nyundo akaenda nyumbani bila kunisalimu, na sikumlaumu. Nilimpa Kimeu kile kizibo kilichooza. Alikigeuzageuza. Dereva hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa starta?" akauliza.

"Kwa starta. Ulisema kweli, Bwana Kimeu. Mimi niliongea uongo kwa kuogopa. Nisamehe."

Alikiweka kizibo juu ya jiwe. Kisha akasema, "Hapa tuko watu wawili, Fundi, na jiwe. Wewe uliniita mwongo mbele ya stendi nzima. Kanisani pia walisikia. Kama unaniomba msamaha, nirudishie pale pale uliponichukulia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Nikaenda. Siku ya soko iliyofuata nilimwita Mama Mutheu, na Kimeu akaja amevaa lile koti. Benchi la muuza chai lilikuwa limejaa. Nikasimama mbele yao na kizibo mkononi, nikasema: gari lilikuwa linavuja hapa, huyu mtu aliniambia, sikumsikiliza. Nikabahatisha gasketi. Nilipoona nimekosea, nikamsingizia yeye. Alikuwa anajaza maji kila asubuhi.

Sauti moja kutoka kwenye benchi ikasema, "Si tulisema? Magari na wanawake wapi na wapi!" Wengine wakacheka. Ndilo neno nililokuwa nimelikimbia muda wote ule, mwanangu, na sasa limenifika. Nikalisikia hadi mwisho, nikagundua kwamba bado nimesimama. Mama Mutheu naye akamgeukia Kimeu, akamwambia, "Hata mimi nilikosa. Sikukuuliza." Akampa mkono, akamwomba arudi.

Kimeu alikataa. Alimshukuru kwa heshima, akasema ameshaelewana na mwenye lori la mchanga Kitui. Jina lake lilikuwa limerudi, na hilo ndilo alilolifuata. Wateja wengine walinihama kwa miezi kadhaa, na mmoja hakurudi kamwe. Mama Mutheu alibaki, ingawa tangu siku hiyo aliniuliza kila kitu mara mbili. Kimeu mwenyewe, lori lilipokuwa na shida, aliniletea. Lakini miaka mitatu alisimama nje getini kazi ikifanyika, hataki kukaa, hataki chai. Sikumsukuma. Mwaka wa nne akaingia, akavuta kigoda, akasema kuna joto. Nikamimina chai, tukaongea habari za mvua.

Sasa wewe, mwanangu, hata kama hutashika spana maisha yako yote, kuna kitu au mtu atakayeletwa mbele yako umwambie ana shida gani. Utakuwa mwalimu, au daktari, au mzazi. Msikilize kwanza yule anayeishi na hiyo shida kila siku. Hajui majina ya vyuma, lakini ameona alama ambayo wewe hujaiona. Inama uangalie anapoonyesha, hata kama unaamini ni vumbi. Ukifika mahali hujui, sema hujui siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kabla hujatafuta mtu wa kubeba kutojua kwako. Najua kuna wanaokungoja uanguke. Kwangu pia walikuwapo, na hofu yangu ilikuwa ya haki. Lakini haikunipa ruhusa ya kumfukuzisha Kimeu kazi. Na ukishamkosea mtu hadharani, usimwombe msamaha chumbani. Mrudishie hadharani, halafu umwache achukue muda wake. Miaka mitatu ni yake, si yako.

Mulungu wa mama zetu akupe kazi ya kufanya na afya ya kuifanya. Akuweke karibu na watu wa kukuambia ukweli, na akulainishe moyo uwasikie wangali wanaongea. Uende salama, na watakaokujia na shida zao warudi nyumbani kwao salama.